Maneno ya Ukutani na Karamu ya Mzee Bukuru

Nyinyi vijana mnaoanza kazi za biro, yaani za ofisi, mwaka huu, sogezeni viti mnisikilize kidogo. Wajukuu zangu hunicheka. Wanasema babu yao alitumia maisha yake yote kuwaambia watu siku gani watazeeka, na si uongo sana. Nilikaa nyuma ya dirisha la biro letu dogo la pensheni hapa Rumonge, kando ya ziwa, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipokwisha kabisa kichwani, na kila asubuhi alikuja mtu kuniuliza swali lile lile: "Na mimi, yangu imefika?"

Miaka yenyewe sitawatajia. Sheria hubadilika, na nikiwapa hesabu ya zamani mtanilaani wakati nimeshalala udongoni siwezi kujibu. Nendeni dirishani mkaulize. Ninachotaka kuwaambia ni jinsi tulivyojifunza kuyasema mambo haya mpaka mtu akayaelewa, na ni nani aliyetufundisha.

Aliyetufundisha ni Madamu Spesiose, shefu wetu, mkuu wa biro. Alizaliwa Bugarama, kwa wakulima, akasoma mpaka chuo kikuu, na shule ilimkaa vizuri, haikumpandisha mabega. Kiswahili alikiokota hapa hapa, kwenye soko letu la ndagala, yaani dagaa, na mawese, akakisema bila woga wala kuomba radhi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nimefanya kazi chini ya mashefu wengi. Wengine walikuwa wazuri, wengine Mungu awasamehe. Lakini yeye nilimheshimu kuliko wote, na nasema hivi wazi kwa sababu hapo zamani sikumwambia vya kutosha.

Wiki yangu ya kwanza alinisikia namuuliza mzee mmoja tarehe ya kuzaliwa kabla hata hajakaa. Akaniita pembeni.

"Ramadhani, huyu mutu ametoka Kigwena na miguu. Umuulize kwanza mvua iko namna gani kule. Tarehe itakuja yenyewe."

Nikamuuliza habari za mvua. Akanieleza mvua, akanieleza michikichi yake, akanieleza nyani wa msituni wanaomwibia, na katikati ya nyani hao akataja mwenyewe mwaka aliozaliwa, maana ndio mwaka baba yake alipofyeka shamba lile. Tangu siku hiyo sikumwuliza tena mtu umri wake akiwa amesimama. Nanyi msifanye hivyo. Mtu aliyesimama hujibu chochote ili aondoke.

Tarehe zilikuwa shida kubwa, mjue. Wengi wa rika lile kwenye vitambulisho vyao iliandikwa tu "karibu na mwaka fulani". Madamu Spesiose alikuwa na swali lake: "Ulinyonya pamoja na nani?" Maana mama zetu wanakumbuka vizuri nani alijifungua msimu mmoja na nani. Ukimpata yule mwenzake ambaye karatasi zake ziko sawa, umepata pa kuanzia. Ila swali hilo nalo lina mitego. Kuna mzee alitaka tumwandike kuwa mkubwa kuliko mwenzake, akapigania kila mwezi kwa nguvu zote, halafu alipoona tumekubali akainama mpaka pua ikagusa kioo, akanong'ona: "Andika tu, lakini usipaze sauti. Bibi mudogo iko hapo nje, mimi nilimwambia ningali kijana." Madamu Spesiose alilazimika kutoka nje akajifanya anaangalia ziwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sasa nije kwenye ukuta.

Biro letu lilikuwa na bango kubwa ukutani, limeandikwa Kifaransa juu, Kirundi katikati na Kiswahili chini. Lugha tatu, na zote zilisema kitu kimoja: kuna "umri wa kustaafu mapema", na kuna "umri kamili wa kustaafu". Lilikuwa bango safi, la herufi nzuri. Tatizo lilikuwa moja tu, watu walilielewa kinyume.

Nitawaeleza kwa nini. Sisi watu wa ufukweni neno "mapema" kwetu ni sifa. Boti zikirudi asubuhi pale Gitaza, anayefika mapema ndiye anayepata ndagala wazuri, na anayechelewa anapewa makombo yaliyokanyagwa. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba kuna kustaafu mapema na kuna kule kwingine, akili yake inamwambia: kimbia. Nilimwona mwalimu mmoja, mtu wa kusahihisha wengine, anaingia anahema. "Niandike leo leo, kabla haijaisha." Nikamwambia mwalimu, pensheni haiishi. Akanitazama kama ninavyomtazama muuza samaki anayeniapia kwamba ni wa leo. Hakujua, na bango halikumwambia, kwamba ukianza kuchukua kwenye umri ule wa kwanza unapata kidogo, na kidogo hicho hakikui tena. Unakaa nacho mpaka mwisho wa maisha yako.

Na lile neno "kamili" nalo lilitisha. Walilisoma kama mlango unaofungwa. Wengine walidhani wakifika huko bila kuandikisha, haki yao imekwenda.

Tulikuwa tunaeleza, sikatai. Tunaeleza asubuhi, tunaeleza mchana, sauti inakauka. Lakini wale waliofika dirishani ndio tuliowaeleza. Waliosoma bango wakaondoka wakiwa na uhakika, hao hatukuwajua, mpaka siku tulipoletewa Mzee Bukuru.

Mzee Bukuru alikuwa dereva wa serikali. Aliendesha gari la wagonjwa kwenye barabara ya ziwa, juu mpaka Gitaza, chini mpaka Kigwena na kupita, na hapakuwa na familia upande huu ambayo hajapata kumbeba mtu wao. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na tabia ya kulisemesha gari lake kwenye mlima, anaomba, anabembeleza, anatukana kidogo, kisha anaomba radhi. Nguvu alikuwa nazo. Mabinti zake wawili wa mwisho walikuwa bado wanasoma.

Mnajua sherehe ya kumuaga mtu kazini ilivyo huku kwetu. Si kula tu. Watu huchanga, hununuliwa mbuzi, bia kwa Wakristo, soda na chai kwetu sisi Waislamu, na juu ya yote kuna hotuba. Msemaji husimama na glasi mkononi, anasema tumemwachia mwenzetu akapumzike, na wote wanakunywa juu ya neno hilo. Likishanywewa limekwisha. Ni sawa na siku ya kuomba mchumba, hakuna anayerudi kesho yake kusema jana tulikuwa tunatania.

Basi mwenzake Bukuru, mkubwa wa madereva aitwaye Nestori, alikuja kwetu kwa shughuli zake. Akiwa kwenye foleni akasoma bango. Umri wa kustaafu mapema. Akahesabu, akaona Bukuru ameufikia. Nestori alikuwa mtu mwema, na roho ikamuuma kweli. Akarudi uwanjani pa hospitali, kwa madereva wenzake, akasema: "Muzee amefika umri wa retrete, na sisi tunamuacha tu anaendesha? Hatuna haya?" Retrete, yaani kustaafu. Wakaona kweli hawana haya. Wakachanga kimya kimya, madereva, wauguzi, mpaka wafagiaji. Wakanunua mbuzi na kiti kikubwa cha mito. Jumamosi moja wakamwita Bukuru eti gari linavuja mafuta, akaja na kitambaa begani, akakuta viti vimepangwa na watu wanapiga makofi.

Bukuru alidhani amri imetoka juu. Alilia. Wao wakadhani ni furaha, wakalia pamoja naye. Nestori akatoa hotuba, wakanywa, wakamvua funguo za gari kiunoni kwa heshima zote, na wakampa kijana wa zamu nyingine.

Jumatatu wakamleta kwetu. Walikuja kundi zima, wanaimba, Bukuru katikati amevaa koti la harusi.

"Amahoro, Madamu!" akasema Nestori. "Tumemuleta muzee wetu. Karatasi yote iko hapa. Mumupigie muhuri, akapumzike."

Karatasi zilikuwa sawa. Umri ulikuwa umetosha. Foleni nyuma yao ilikuwa inapiga makofi pamoja nao. Nilikuwa nimeshafungua kibweta cha wino. Madamu Spesiose akaweka kiganja chake juu ya kibweta, taratibu, wala hakunitazama.

"Muzee Bukuru," akamwuliza, "umechoka?"

Wimbo ukakatika. Bukuru akaangalia viatu vyake.

"Mimi sijachoka, Madamu. Lakini umri imefika."

"Imefika ya kufanya nini?"

"Ya kutoka. Si iko pale?" Akanyoosha kidole kwenye ukuta wetu.

Madamu Spesiose aligeuka akalisoma bango lile kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Akalisoma Kifaransa, akalisoma Kirundi, akalisoma Kiswahili. Kisha akawaomba wale wenzake wangoje nje kwenye kivuli, akamkalisha Bukuru upande wetu wa dirisha, na akamwambia mambo kwa maneno mafupi. Kwamba hakuna aliyemfukuza. Kwamba hakuna barua. Kwamba umri ule unampa ruhusa ya kuanza pensheni akitaka, pensheni ndogo, na akishaianza itabaki ndogo hivyo hivyo mpaka afe. Kwamba akiendelea na kazi mpaka umri wa pili, atapata ile ya kawaida.

Niliona uso wa mzee unavyobadilika. Aliwaza mabinti zake, nina hakika, maana midomo yake ilitaja jina la mmoja.

"Kwa hiyo nilikuwa naweza kubaki?"

"Unaweza kubaki. Hata leo."

"Haiwezekani tena," akasema, na sauti yake ilinichoma. "Batu bameshakunywa."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, vijana wangu, na msidhani ni jambo dogo. Sheria ilimruhusu. Kazi yake ilikuwa bado ipo. Lakini angepitaje uwanjani mbele ya watu waliokula mbuzi wake? Angewaangaliaje wauguzi waliochangia kile kiti kutoka kwenye mishahara yao? Mtu wa huku anaweza kuvumilia njaa ya muda mrefu kuliko aibu ya namna hiyo. Angepiga saini kulinda heshima ya wenzake, na mabinti zake wangeacha shule, na yeye angekaa barazani anasikiliza gari lake likipita na mtu mwingine ndani.

Madamu Spesiose alijua hilo. Hakumlazimisha. Alimwambia: "Nenda nyumbani. Umuelezee Mama ya batoto. Kesho murudi wote wawili, yeye ndiye anielezee mimi. Akinielezea vizuri na bado munataka, napiga muhuri."

Shikeni hiyo. Ukitaka kujua kama mtu ameelewa, usimwulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mwambie akamweleze mtu wa nyumbani kwake.

Kesho yake mke wa Bukuru, Mama Jakelina, aliingia mbele ya mumewe, kanga imekazwa kiunoni.

"Nani alisema bwana wangu amechoka?" akauliza kabla ya salamu. "Jana amepasua kuni yote ya nyumbani, akamaliza, akaingia kwa jirani akapasua na yao! Anazunguka mu nyumba kama mutu amepoteza kitu. Mimi siwezi."

Kisha akaeleza pensheni ndogo na pensheni ya kawaida, na akaieleza vizuri. Hawakutaka muhuri. Lakini alipofika kwenye kurudi kazini, hata yeye aliuliza watu wale wataangaliwa vipi usoni.

Madamu Spesiose akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ramadhani," akaniambia, "tafuta kreti mbili. Moja ya bia, moja ya soda. Tunakwenda."

Tukaenda uwanjani kwa madereva mchana ule ule, yeye mbele na faili lake, mimi nyuma na kijana wa mkokoteni anayesukuma kreti. Akamtafuta Nestori. Nestori aliposikia habari alishika kichwa.

"Madamu, neno imeshatoka. Mimi mwenyewe nilisema. Batu bakakunywa. Nitairudisha namna gani?"

"Wewe hutairudisha. Nitairudisha mimi."

Akawaita watu wote, wauguzi wakatoka na aproni zao, wafagiaji na mifagio yao. Akasimama katikati, akachukua chupa ya soda mkononi kama desturi inavyotaka, na akasema. Sikuandika maneno yake, lakini nayakumbuka hivi:

"Jumamosi mulimuaga Muzee Bukuru. Mulifanya vizuri. Munampenda, na mutu anayependwa hivyo na wenzake ana bahati. Hamukukosea. Aliyekosea ni ukuta wetu. Sisi ndio tuliandika pale kwamba huu ni umri wa kustaafu. Si umri wa kustaafu. Ni umri wa kuanza kupewa kitu kidogo, kwa anayetaka. Tuliwatuma vibaya, na nyinyi mukatii. Kwa hiyo aibu iko ya biro yetu, haiko ya Muzee, haiko ya Nestori. Mimi naibeba. Ninawaomba munywe juu ya neno hili, ili lile la Jumamosi lifunguke."

Lile bango hakuliandika yeye. Alilikuta ukutani kama sisi sote tulivyolikuta. Na alikuwa shefu, angeweza kutuma barua, au kuniambia mimi niende nikajieleze. Alikuja mwenyewe, kwenye jua, mbele ya wafagiaji, akasema: aibu ni yangu. Mimi nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakubwa wengi, na sijaona kitu kikubwa kuliko kile.

Halafu Nestori akachukua chupa, akaifungua kwa meno kama alivyozoea, akasema kwa sauti ya hotuba: "Mimi niliyefunga, nafungua!" Akanywa. Wote wakanywa. Yule kijana aliyepewa funguo alikuja mbio kuzirudisha, na nadhani ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana mlima ule ulikuwa umemtesa siku tatu mfululizo.

Mfagiaji mmoja akauliza: "Na kiti je?" Kila mtu akamgeukia Madamu Spesiose.

"Kiti ni chake," akajibu. "Hata dereva hukaa." Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika ng'ambo ya pili, Kongo.

Tuliporudi biroini aliweka ngazi, akapanda mwenyewe, akalibandua bango. Na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kubandua ni rahisi.

Akatupa sheria mbili. Ya kwanza, jina la umri liseme mtu atapata nini, lisiseme mtu amekuwa nani. Ya pili, neno "kustaafu" lisikanyage pale, kwa sababu kuacha kazi ni jambo moja na kuanza pensheni ni jambo lingine, na tukiyaweka kwenye chungu kimoja watu watachinja mbuzi tena.

Kila mmoja akaandika lake. La kwangu lilikuwa refu, na lenye haki zote na masharti yote. Tulimsomea mvuvi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu, akalala. Sisemi uongo, alikoroma. Mwenzangu akaandika "pensheni pungufu", nikaona ni zuri, tukamsomea mama muuza mawese, akaruka: "Pungufu? Nani ameikula?" Tukalitupa. Madamu Spesiose alikuwa akitoka na karatasi yake kila Ijumaa, anasimama sokoni, anamsomea mtu, anaificha karatasi mgongoni, anasema: "Haya, niambie mimi nimesema nini." Akisikia tofauti na alichoandika, anafuta. Hakumlaumu mtu hata siku moja kwa kuelewa vibaya. Alisema, "Yeye hana kosa, mimi ndiye ninayelipwa kwa kazi hii." Watu walimzoea, wakawa wanamwita Madamu wa Kuulizwa, wengine wakimwona kwa mbali wanapiga kelele majibu kabla hajafika.

Mwisho tukabaki na maneno machache. Juu: "Umri wa kuanza pensheni ndogo." Chini yake: "Ukianza na ndogo, itabaki ndogo. Umri huu haukutoi kazini." Kisha: "Umri wa kuanza pensheni ya kawaida." Na chini kabisa: "Njoo uulize kabla ya kuchagua." Basi. Mtoto wa shule ya msingi angeweza kumsomea bibi yake, na bibi akaeleza kwa jirani, na jirani asiharibu kitu.

Wakubwa wa mbali walichelewa kukubali. Walisema maneno hayo hayana uzito. Madamu Spesiose aliwaandikia kwa heshima, akaenda, akarudi, akaandika tena. Mara moja nilimkuta ameegemea dirisha amechoka, nikamwambia aache tu. Akasema: "Ramadhani, kubeba uzito ni kazi ya kreti. Maneno yabebe maana." Wakakubali siku moja bila kelele, na sasa nasikia hata kwenye mashine zenu za kompyuta imeandikwa karibu hivyo hivyo. Mnapoyasoma mjue yalipimwa kwenye soko la ndagala.

Na msije mkadhani alikuwa anawasukuma watu wangoje. La hasha. Alikuja mama mmoja mpishi, miguu imevimba, ameteseka juu ya masufuria kwa sababu aliamini kustaafu mapema ni adhabu ya waliokosea kazini. Alisoma bango jipya, akatuuliza mara mbili, akasema nataka hiyo ndogo, na akalia kwa raha aliyoipata. Madamu Spesiose alimpigia muhuri mwenyewe, akamsindikiza mpaka kwenye baiskeli. Kwake kila chaguo lilikuwa zuri maadamu mwenyewe ndiye amechagua. Hilo nanyi mlishike. Siku mtakapoanza kuwachagulia watu, mtakuwa mmeacha kazi hii na kuanza nyingine.

Mzee Bukuru aliendesha miaka yake iliyobaki yote. Mabinti wakamaliza shule. Alipofika umri wa pili alikuja na Mama Jakelina, akapata pensheni yake ya kawaida, akaaga, watu wakanywa, na safari hii hakuna aliyelia ila mimi.

Nililia kwa sababu ya jambo lililotokea kabla ya hapo, na sijawahi kulisimulia.

Binti yangu Mwajuma aliolewa Gitaza. Msimu wa mvua kubwa, mlima ulimwaga udongo barabarani, magari yakasimama pande zote mbili, na asubuhi hiyo hiyo uchungu ukamshika, mtoto amekaa vibaya tumboni. Waliompigia simu Bukuru walimwambia wazi kwamba njia haipitiki. Alikwenda mpaka udongo ulipoanza, akaliacha gari, akavua viatu, akavuka tope na machela kichwani pamoja na wavuvi aliowaomba njiani. Wakamvusha binti yangu juu ya udongo ule unaoteleza kuelekea ziwani, hatua kwa hatua, yeye mbele, anamsemesha kama alivyolisemesha gari lake mlimani. Kisha akamleta Rumonge. Mtoto akapatikana, na mama yake akapona.

Siwezi kusema dereva mwingine asingeweza. Ninachojua ni kwamba aliyeweza siku hiyo ni yeye, na kwamba kama si kiganja cha Madamu Spesiose juu ya kile kibweta cha wino, siku hiyo asingekuwepo.

Nilimkuta uani pa hospitali anajimwagia maji miguuni, tope limemfika mapajani. Nilitaka kusema mengi. Nikamshika mkono tu, nikasema murakoze, murakoze, kama kasuku. Akanitazama kwa mshangao kabisa.

"Ramadhani, unanishukuru ya nini?" akasema. "Mimi niko kazini."